Msichana wa Njiapanda

Pale Kalubihan, Nong Pisto, kama walivyomwita kwa heshima, hakuwa na mpinzani katika mambo mawili: kubanika nguruwe na kujisifu. Nguruwe wake, aliyeshindiliwa mchaichai tumboni, ngozi ilikatika mdomoni kama biskuti; na wewe usiyemla, harufu tu ingekutia majaribuni. Majigambo yake nayo hayakuhitaji kipaza sauti. Shule aliishia darasa la nne, lakini ukimuuliza atakwambia shule ndiyo iliyoshindwa naye. Mola hamnyimi mja vyote: alimpa Maridel, binti mwenye kichwa chepesi, aliyeongoza darasa tangu hajaota meno ya pili.

Mtoto akiongoza darasa huko, wazazi humtengenezea bango la turubai, picha yake na neno la hongera, likatundikwa njiapanda wapita njia walisome. Wenye haya hulishusha baada ya siku chache. Pisto na haya wapi na wapi! Lake lilikaa mpaka jua lilifute, na la mwaka uliofuata likalizidi kwa ukubwa.

Mwaka huu alivuka mpaka. Maridel alikuwa darasa la mwisho, ameshafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha Manila, matokeo bado. Pisto hakuwa na subira ya kungoja. Akatundika turubai refu kama ukuta: HONGERA MARIDEL, DAKTARI WETU. Kapteni wa mtaa, yaani mwenyekiti wake, alichangia gharama, kwa hiyo uso wake ulichapwa mkubwa kuliko wa mtoto. Mgeni angedhani ni yeye anayekwenda kusomea udaktari.

“Tay, matokeo bado,” Maridel alimwambia baba yake.

“Bado kwao, Inday wangu. Kwangu yameshatoka!”

Watu wakaangua kicheko. Maridel naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayepigwa picha, kisha akaingia ndani.

Tangu hapo chakula kikamshinda. Tonge moja alilizungusha mdomoni mpaka wenzake wanamaliza kula. Asubuhi nywele zilibaki kwenye kitana. Mama yake, Sening, alikuwa akimsikia akigeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango.

“Pisto, mtoto anakwisha huyu,” alisema.

Wakamwita jirani yao Nang Basyon, mkandaji. Alimbonyeza binti tumbo, akamtazama macho, akamgeukia baba.

“Ni buyag hii. Sifa zimempata.”

Kila mtu huko anajua kwamba mtoto akisifiwa kupita kiasi huugua, ndiyo maana anayesifu humalizia palepale na “pwera buyag”, kinga ya sifa zake mwenyewe.

“Wewe umemsifu mwanao kwa herufi kubwa kama milango,” Nang Basyon alimfokea, “kinga hukuweka! Unadhani kila apitaye pale ana moyo mweupe?”

Pisto aliona mantiki. Hakulishusha bango, la hasha. Alichukua ngazi na rangi nyekundu, akapanda, akaandika chini ya picha ya mwanawe PWERA BUYAG, mwandiko wa darasa la nne, unaosomeka hata na abiria wa basi linalokimbia. Akashuka, akarudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake kwa fahari. Na ambao hawakujua kama mtoto anaumwa, sasa wakajua.

Maridel hakupata nafuu. Kisha Sening akaleta viatu vya shule, vimeganda tope.

“Njia ya shule ni lami tupu. Tope hili la wapi?”

Pisto akapiga paja. “Kumbe! Kuna mvulana. Anamngoja majarubani, ndiye anayemmaliza mwanangu!”

Asubuhi iliyofuata alimfuata binti kwa mbali, begani ana mwanzi wake wa kubanikia. Maridel hakushika njia ya njiapanda. Alipita nyuma ya banda, akaingia kwenye majaruba ya mpunga, akatembea juu ya matuta, kichwa chini, akizunguka masafa yote yale. Karibu na uzio wa shule akasimama. Kengele ikalia. Hakuingia. Alikaa kwenye tuta, akaukumbatia mkoba, akawa anatetemeka. Pisto ameshika wanyama wengi mikononi mwake. Anajua mtetemeko wa baridi na mtetemeko wa hofu, na huu ulikuwa wa hofu.

Hata hivyo akajitokeza na mwanzi wake juu. “Yuko wapi?”

“Tay! Nani?”

“Huyo mvulana. Ajitokeze kabla sijamtoa mimi!”

Maridel aliutazama mwanzi, akaitazama suruali ya baba yake iliyolowa hadi mapajani. “Hakuna mvulana, Tay.”

“Basi huku unatafuta nini?”

“Namkimbia yule msichana.”

“Msichana gani tena?”

“Yule wa njiapanda, wa kwenye bango. Yeye ameshafaulu, Tay, mimi bado. Nikifeli, yeye nitampeleka wapi?” Sauti yake ilikuwa kavu, haina hata kilio. “Siku nyingine nakaa hapa nawaza heri nisingekuwepo. Mngebaki naye yeye. Yeye hana usumbufu.”

Pisto alitafuta mzaha, hata mbovu. Hakuupata. Kulikuwa na neno lililomjia ulimini, la “sisi zamani tulivumilia”, akalimeza. Aliuchomeka mwanzi topeni, akakaa kwenye maji kando ya mwanawe.

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa na furaha mno, Tay.”

“Na sasa hivi, bado unawaza hivyo?”

“Kidogo.”

“Basi leo hatuachani.”

Hawakuachana mpaka nyumbani. Alimkabidhi kwa mama yake, asiachwe peke yake hata kidogo, kisha akaenda njiapanda na kisu cha nguruwe, akakata kamba. Mke wa kapteni akatoka mbio. “Nong Pisto! Uso wa kapteni huo!”

“Ashuke naye, kakaa juu vya kutosha.”

Siku ileile wote watatu walikwenda hospitali ya wilaya. Daktari, mwanamke kijana, aliongea na Maridel peke yake muda mrefu, kisha akawaita wazazi. Ni ugonjwa, akasema: sonona, pamoja na wasiwasi; unatibika, ila polepole, na wasimwache peke yake na mawazo yake.

“Kwa hiyo si buyag?” Pisto aliuliza.

“Iteni mnavyoita, Nong. Lakini sifa zipunguzwe kweli.”

Dawa za mwanzo zilimlaza mchana kutwa. Zipo siku alizorudi darasani, zipo alizoishia mlangoni akarudi. Matokeo yalipotoka alisema hayuko tayari kuyatazama, na Pisto, aliyekuwa hajui kunyamaza, hakuuliza.

“Turubai umelipeleka wapi?” Maridel alimuuliza jioni moja.

“Linafunika kuni, nimelikunja mara mbili.”

“Uso juu au chini?”

“Wako chini, upumzike. Wa kapteni juu, upate mvua.”

Maridel akacheka kidogo kupitia puani. Sening, aliyekuwa kando akisikiliza, alijifanya anapepeta mchele.

Sikukuu ya mtakatifu wa mtaa ilipofika, Pisto alikuwa kando ya moto, akibanika nguruwe wawili, watu wamemzunguka na bia.

“Nong Pisto, leo kimya? Tupe habari za daktari wetu!”

Aliuzungusha mwanzi taratibu. “Jana mwanangu alilala mpaka asubuhi,” alisema. “Leo amekula sahani nzima ya wali. Akaongeza.”

Mmoja akacheka, akidhani mzaha unakuja. Pisto hakumtazama.

“Pwera buyag,” alisema chini chini, akasukuma makaa.