Siku Mama Mkwe Alipokuja Kunisikiliza

Wimbo unaotujazia watu kwenye uwanja tunakopiga muziki, Muhumba, ni wimbo wa kumsema mama mkwe. Niliutunga mwenyewe, jikoni, baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, wakati mama wa mume wangu alipotoka Kavumu kuja kunisaidia. Alinisaidia kweli. Alimwogesha mtoto, alinikanda kwa maji ya moto, alifua. Pia alionja kila chungu kabla sijakitoa motoni, akaweka kijiko chini, akasema "Hm." Mtu akikusaidia namna hiyo kwa miezi mizima, ama utagombana naye, ama utatunga wimbo. Mimi ni mtu wa amani.

Okestra yetu ni ndogo: magitaa, besi, ngoma, na mimi ninayeimba. Tunapiga Jumapili mchana, baada ya misa, nyuma ya bar moja yenye viti vya plastiki na mabati yanayofunika nusu ya uwanja. Zamani tulipiga jioni, lakini siku hizi jioni kila mtu anataka awe ameshafunga mlango wake. Mchana una faida yake, maana wanawake wanakuja. Na wakishakuja, wanautaka ule wimbo.

Unakwenda hivi. Naimba ubeti wa chumvi, wa sombe, majani ya muhogo, yasiyotwangwa vizuri, wa mtoto anayevalishwa kofia ya sufu wakati jua linawaka. Halafu magitaa yanashuka, nami nauliza, "Anatoka wapi?" Nilizoea kujibu wa kwanza, "Kavumu", kwa sababu ndiko anakotoka. Mwanzoni kila mwanamke alitaja kwa mama mkwe wake, huyu Kadutu, yule Bagira, yule Kabare, ikawa fujo tupu. Baadaye, sijui ilikuwaje, wote wakaliafiki jibu langu. Sasa uwanja mzima unaitika "Kavumu", hata wasichana ambao hawajaolewa.

Kavumu si mbali. Watu wanatoka huko asubuhi na maharagwe, wanarudi na habari. Zilizomfikia mama mkwe hazikuwa habari za wimbo, namshukuru Mungu. Aliambiwa tu kwamba mke wa mwanawe anaimba mbele ya walevi. Wajomba na baba wadogo, batonton kama tunavyowaita, wakakaa kikao, wakasema mwanamke mwenye watoto aache mambo hayo. Mume wangu anapenda nikiimba, ila anapenda zaidi kutogombana na mtu, kwa hiyo akasema atafuata neno la mama yake. Mama yake naye akajibu kwamba hahukumu kitu ambacho hajakiona kwa macho, atakuja Jumapili. Akikubali, naendelea. Akikataa, naacha. Tulikubaliana hivyo nyumbani, yaani walikubaliana wao, mimi nilikuwa nakaanga sambaza, vidagaa vya ziwani.

Nikamwendea shefu wetu, kiongozi wa okestra, yule anayepiga gitaa la solo, nikamwomba tuufiche ule wimbo siku hiyo.

"Batu banakuyaka juu ya ule," akasema. "Tukiuacha, batavunja viti."

"Mama mukwe wangu iko anakuya."

Akafikiri huku akikaza uzi wa gitaa. "Basi useme jirani. Pale pa mama mukwe, unaweka jirani. Na pale pa Kavumu, unaweka Uvira. Uvira iko mbali, hakuna mutu atakasirika."

Tukafanya repetisyo, tukajizoeza hivyo. Jirani anayeingia jikoni kwako kuonja chungu na kumvalisha mtoto wako kofia hakuwa na maana sana, lakini nyimbo nyingi hazina maana na watu wanazicheza.

Jumapili mama mkwe alikuja moja kwa moja kutoka misa, amevaa kitenge cha akina mama wa parokia, rozari bado iko mkononi. Mume wangu, kwa heshima, akamkalisha mbele kabisa, mahali ambapo angeweza hata kuhesabu meno yangu. Tukaanza na nyimbo za mapenzi. Hakusogea. Tukapiga moja ya kumsifu Mungu, tuliyoitafuta kwa ajili yake tu. Hakusogea vilevile. Nilikuwa naogopa, na sioni aibu kulisema.

Halafu wanawake wakaanza kupiga makofi ya kuutaka wimbo wao, na shefu akauanzisha. Ubeti wa kwanza niliimba "jirani". Wakatazamana. Ubeti wa pili wakauimba wenyewe juu ya sauti yangu, na "mama mukwe" wao ndani yake. Mimi nilikuwa na mikro ya kuimbia, wao walikuwa wengi. Tulipofika pale pa kuuliza, nikauliza, nikajijibu haraka haraka, "Uvira."

Uwanja ukanyamaza kama padri amesahau maneno ya misa. Ndipo mwanamke mmoja aliyesimama karibu na jiko la brosheti za nyama akasema, kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto wa shule, "Kavumu." Na wote wakaitika: "Kavumu!"

Mama mkwe akageuka, akawatazama safu kwa safu. Kisha akanitazama mimi. Mume wangu alikuwa anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa yake. Tangu anioe sijamwona akisoma kitu kwa makini namna ile.

Wimbo ulipoisha, mama mkwe akasimama, akaja hadi mbele yetu. Watu wakampisha wakidhani anakuja kunituza, mmoja hata akapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaiweka mikro mbali, nikainama.

"Ile ya chumvi," akasema, "iko miye."

"Ndiyo, maman."

"Ulikuwa unatia mingi."

"Ndiyo, maman."

"Na ile ya kofia, mutoto alikuwa na baridi."

Mtoto alikuwa anatoka jasho, lakini si kila ukweli una siku yake. Nikasubiri aseme kwamba yamekwisha, nirudi nyumbani.

"Weka na ya maji," akasema.

"Ya maji gani, maman?"

"Miye nikitoka ku kisima, mama mukwe wangu alikuwa anaingiza kidole mu mutungi. Maji ikipunguka, ananirudisha. Ata na mimba, ananirudisha. Huyu bwana yako, nilimuzala mu ile njia." Aliyasema kwa sauti ileile ya chumvi.

"Na ulimujibu nini, maman?"

"Kumujibu?" Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Amekufa. Sikumujibu ata siku moja."

Nikamtazama mume wangu kule kwenye kiti chake. Hakuwahi kuniambia alizaliwa wapi, na nadhani naye hakuwahi kuambiwa. Nikauliza kitu pekee nilichojua kuuliza.

"Alikuwa anatoka wapi?"

"Walungu."

Nikamwambia shefu turudie. Safari hii niliimba "mama mukwe" waziwazi, nikauingiza na ubeti wa maji. Haukukaa vizuri kwenye ngoma, ilibidi mpiga besi anisubiri. Nilipofika kwenye ile njia, wanawake ambao hucheka kila neno hawakucheka. Kisha nikauliza anatoka wapi, na uwanja ukajibu kama kawaida yake.

Mama mkwe aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Walungu." Si kwa nguvu. Akasema tena, kwa nguvu, kichwa juu, na mara hii uwanja wote ukaitika pamoja naye. Nililia mbele ya watu, na mikro mkononi. Nilimlilia yeye, yule msichana aliyekuwa zamani kwenye ile njia, na wakati huohuo nilikuwa bado na hasira kidogo juu ya ile chumvi.

Mume wangu akaja polepole, akasimama pembeni ya mama yake. Hakuwa amesikia tuliyozungumza, wala hakujua kwamba mtoto wa ile njia ni yeye.

"Maman, sasa nibaambie nini batonton ku Kavumu?"

"Ubaambie aimbe," akasema. "Miye nilinyamaza, na nilipata nini?"