Majasi ya Mi Thaw

Mi Thaw alikufa kwa homa kabla ya kutogwa masikio. Mama yake, Pwa Shin, mfua dhahabu wa mji wa Pagan, alikuwa amekwisha kumfulia majasi ya kuvaa masikioni siku hiyo. Moja lilikuwa na alama ya jino. Mtoto aliling'ata siku moja akicheka, na mama hakuwa na moyo wa kulisawazisha.

Pagoda mpya ilipojengwa, kila mtu alitoa chake kiwekwe katika chumba cha masalia ya Buddha kabla hakijazibwa kwa matofali. Pwa Shin akaamua majasi yaingie humo, thawabu imfikie mwanawe huko aliko. Lakini mwanamke haingii chumba kile. Akamkabidhi mdogo wake, Nga Tun, aliyenyonya naye ziwa moja. Yeye akabaki nje, akamimina maji chini taratibu, akiiomba ardhi ishuhudie kwamba ametoa na kwamba thawabu ni ya Mi Thaw. Nga Tun alipotoka, ndiye aliyeitikia "Sadhu!", yaani sadaka imekubaliwa, kwa sauti kuliko wote. Mnafiki yule! Tangu hapo Pwa Shin akaanza kupata usingizi.

Mwaka uliofuata Nga Tun akamtogesha masikio binti yake, Mi Nyo. Ngoma zikalia, wali wa kunata ukapakuliwa, shangazi mtu akakalishwa mbele kabisa. Mtogaji akafunua sinia. Pwa Shin akaiona ile alama ya jino.

"Tun, haya umeyatoa wapi?"

"Dada, jamani, wageni!"

"Nimekuuliza."

Nga Tun akamvuta pembeni. "Yangekaa gizani milele, nani angeyaona? Mi Nyo naye si damu yako? Marehemu hana masikio, Dada. Wangu anayo."

 Pwa Shin angeibiwa na mwizi wa njiani, angelia yakaisha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Alimtazama Mi Nyo, anatetemeka kwa kuogopa sindano, asijue lolote. Majasi hakuyagusa. Alichukua mtungi wa maji ya wageni, akatoka uani, akachutama.

"Unafanya nini? Dada, utaniaibisha!"

Akamimina.

"Ewe ardhi," akasema, wageni wote wakisikia, "siku ile nilikuambia nimetoa. Nilikudanganya, nami sikujua. Mwanangu hajapata kitu."

Maji yakanywea mchangani. Safari hii Nga Tun hakuitikia.