Taa ya Kijani Siku ya Kumaliza Matanga ya Shangazi

Jamani, kuna nyumba moja kule Mibirizi ambayo hadi leo nikiingia natazama miguu yangu, na si kwamba kuna aliyenifukuza, hapana, kiti napewa na chai napewa, ila aibu niliyoipata katika ua ule mbele ya ukoo mzima sijui nitaizika wapi.

Kazi yangu, kwa wasioijua (na mama yangu ni mmoja wao, yeye huwaambia watu natengeneza simu), ni ya kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Mimi nikiwa nyumbani Kamembe nabuni zile skrini na vitufe ambavyo mtu anavitumia kuhamisha diski yake kutoka sehemu moja kwenda nyingine huku inaendelea kufanya kazi, kama kumhamisha mgonjwa kitanda bila kumwamsha. Inakwenda hivi: mashine hiyo pepe inahamia diski mpya mara moja, halafu data zilizobaki zinavutwa polepole kutoka ile ya zamani, zikianza zile zinazosomwa wakati huo. Sasa mimi niliamua taa ya kijani iwake mara mashine inapohamia, hata kama data nyingi bado ziko nyuma, kwa sababu watu hawapendi kukaa kutazama mstari unaotambaa. Mwenzangu mmoja alinionya kwamba mtu atadhani kazi imeisha. Nikamjibu kwamba hakuna mjinga wa namna hiyo.

Shangazi yangu, Maman Consolata, alipojua kwamba ugonjwa wake hauponi alikuja kwangu. Huku kwetu siku ya kumaliza matanga ndiyo siku maneno ya mwisho ya marehemu yanatolewa mbele ya watu, na yeye hakutaka kuandika. Akaniambia, "Karatasi haina sauti. Batasikia mu kinywa yangu mwenyewe. Na weye, Solange, usisikilize kabla yabo." Nikamwashia, nikatoka nje aseme peke yake; nilitumia programu ya zamani niliyoizoea tangu nikirekodi kwaya, programu inayokubali kompyuta ya kizamani tu, kwa hiyo sauti yake ikakaa ndani ya kompyuta pepe, kwenye diski moja ya kuchomeka. Nakala? Sikuwa nayo. Mganga hajigangi.

Akafariki, na siku ya kumaliza matanga ikafika kule kwake Mibirizi. Wakaja watu wa kisiwa cha Nkombo kwa boti na sambaza zao, wale dagaa wa ziwani, akaja binamu yangu Papi kutoka Bukavu na suti yake, pombe ya ndizi ikazungushwa, na Papa Gervais, mume wa shangazi, akasimama karibu na spika kama mtu anayempokea mgeni. Nikachomeka diski kwenye laptopu, nikabonyeza. Sauti ya shangazi ikajaa ua, akasalimia, akashukuru waliokuja kwa mguu na waliovuka maji, na kinamama wakaanza kulia papo hapo.

Lakini ile diski ilikuwa inakwaruza, nayo ilikuwa inakwaruza tangu asubuhi. Mtu mwenye akili angesimamisha kwanza, akaomba radhi, akanakili taratibu wakati watu wanakula. Papi akanong'ona, "Ingénieur, machine yako iko na kikohozi?" na mimi (kichwa changu hiki!) nikamwambia atazame, nitamhamishia shangazi kwenye diski ya laptopu yenyewe wakati anaongea na hatakata hata pumzi. Nikaanzisha. Taa ya kijani ikawaka, taa yangu mwenyewe, nami nikachomoa diski na kuiinua juu Papi aone.

Shangazi akaendelea kidogo. "Batoto bangu, mukae chini. Gervais, na weye kaa, niko na neno yako..."

Papa Gervais akakaa. Ua wote ukamngojea Maman Consolata aseme, na hakusema. Hakuna aliyedhani ni mashine, walidhani amenyamaza kidogo kama alivyozoea kabla ya kusema jambo zito, na mimi nimesimama na diski mkononi, bado nimeinua, nikiwa nimeshaelewa kwamba maneno yaliyobaki yako humo. Papa akaniuliza polepole, "Anapumzika?"

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka, na ni kile kicheko kinachoniuma kuliko yote. Nikaichomeka tena, ikagonga mara chache ikanyamaza, nikawasha upya, spika ikatoa mlio mkali watoto wakaziba masikio, na wageni wakaanza kutazama chini mmoja mmoja. Papi akainuka akasema kwa sauti, "Courant imekatika, bandugu," akijaribu kunisitiri, ilhali umeme ulikuwepo na redio ya jirani ilikuwa inaimba. Papa akaniuliza tena, "Neno yangu iko wapi, mutoto wangu?" Nikalia mbele yao na kamasi zangu, mimi mhandisi.

Nilikwenda na diski ile hadi Kigali kwa mafundi, nao walitikisa kichwa. Kilichopona ni kile tu kilichokuwa kimeshasomwa, yaani kile ambacho kila mtu alikuwa amekisikia tayari.

Siku hizi taa yangu haiwaki mpaka kipande cha mwisho kimefika, wateja wanalalamika kwamba ninawachelewesha, na mimi nawaacha walalamike. Na nimeapa sitamwonyesha mtu ufundi wangu juu ya kitu kisicho na pacha.

Papa hajawahi kunilaumu, afadhali angenilaumu. Nikifika Mibirizi ananiambia, "Rudilia tu ile kidogo iko." Nafungua laptopu, yeye amesimama. Shangazi anawasalimia watu wa Nkombo, anawakalisha watoto, kisha anasema, "Gervais, na weye kaa," na mzee yule anavuta kiti, anakaa, anangoja.