Mashine za Wageni

Walimu wenzake walimwita Bwana Kitambaa, na hakuna aliyemwonea. Kwake nyumbani kila kitu kilivalishwa: redio, jagi la maji, hata viti, ambavyo tangu vinunuliwe havijavuliwa nailoni ya dukani, ukikaa vinalia. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na vikombe vya wageni ambavyo watoto wake walivila kwa macho mpaka wakaoa na kuolewa. Mtu huyu alizaliwa awe mlinzi wa ghala. Kwa bahati mbaya wakampa shule, wakamwita mwalimu mkuu.

Vikombe ni vyake, ajifie navyo. Taabu ilianza wafadhili walipoleta mashine sita za nukta nundu, zile za kuandikia wasioona. Wafadhili wenyewe walikuwa watu wa ajabu. Walileta mashine bila zile karatasi nzito zinazotumika nazo, na bila mtu wa kufundisha namna ya kuzitumia, lakini mpiga picha hawakumsahau. Wakapiga makofi, wakaondoka. Bwana Kitambaa akazipanga mashine ofisini kwake juu ya meza ndefu. Mkewe akafuma vitambaa sita vyenye maua pembeni, mashine zikafunikwa, mlango ukafungwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mume.

Kitengo cha wasioona kilikuwa chumba cha mwisho, ubavuni mwa stoo ya majembe. Humo alisoma mpwa wake, binti wa dada yake mdogo, msichana mwenye kichwa chepesi hata wenzake wakamwita Profesa. Profesa aliandika kwa kibao na msumari mfupi, akitoboa karatasi nukta moja moja kwa upande wa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akaigeuza ndipo asome. Mwaka wake wa mtihani wa mwisho ikaja amri kwamba watahiniwa wote wasioona wataandika kwa mashine. Mashine huanzia kushoto, na nukta zote za herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Vidole vilivyolelewa na kibao vinakuta kila kitu kiko kinyume. Profesa akishindwa mtihani ule, sekondari ataisikia kwenye redio.

Mwalimu wa kitengo akaenda ofisini kuomba angalau mashine moja watoto wajizoeze. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa heshima zote, akauliza kama mikono ya watoto wale ni safi. Safari ya pili akasema karatasi hazipo. Mwalimu akazunguka mitaani akaokota kalenda kuukuu, ambazo ni nzito vya kutosha, akarudi nazo amezikumbatia. Akaambiwa kalenda zina vumbi. Heri kumpigia mbuzi gitaa, maana mbuzi walau hutikisa masikio.

Mwisho akaja dada mtu mwenyewe, nyumbani, akakaa juu ya nailoni. Hakuzunguka mbuyu.

"Kaka, mpe mtoto ashike mashine. Hata Jumamosi tu."

"Mdogo wangu, wakizivunja, wafadhili wakija nitawaonyesha nini?"

"Utawaonyesha watoto wanaojua kuandika."

Bwana Kitambaa akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto mdogo. Akamwahidi kwamba siku ya mtihani mashine zote zitatoka, tena zikimeta. Ahadi hiyo aliitimiza. Asiyejua maana haambiwi maana.

Asubuhi ya mtihani alizibeba mwenyewe moja baada ya nyingine, akavua vitambaa na kuvikunja vizuri. Mwalimu wa kitengo akapata nafasi ndogo tu ya kuwaonyesha watoto vitufe kabla msimamizi hajaingia. Profesa akaanza. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limejaa kichwani, lakini vidole vikalitoa kinyumenyume. Akapapasa mstari wake, akakuta si neno. Akaanza upya. Jasho likamtoka, akafuta mikono kwenye sketi, akaanza upya tena. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza kumaliza akaambiwa muda umekwisha naye yuko swali la pili. Inauma hata kuisimulia. Mjomba wake alisimama mlangoni muda wote ule, na kweli alikuwa na wasiwasi, sitamsingizia. Alikuwa akihofia jasho la watoto lisije likaleta kutu.

Matokeo yalipotoka, Profesa alikuwa ameanguka. Mungu naye ana mambo yake, kwani wiki hiyohiyo wafadhili wakarudi kukagua. Wakaingia ofisini, vitambaa vikainuliwa, wakashika vichwa kwa furaha. Mkubwa wao alisema mashine hizi ni kama zimetoka kiwandani jana. Kwingine kote walikopita, alisema kwa masikitiko, walikuta zimekwaruzika na vitufe vimesagika kwa kubonyezwa na watoto. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kumwona mwanafunzi. Wakaahidi kuleta nyingine sita kwa shule inayojua kutunza. Bwana Kitambaa nusura alie.

Akatoka nje kuagiza chai, akamkuta dada yake barazani, amemshika Profesa mkono.

"Umewasikia?" akamwambia, uso umechanua. "Wanatuongezea."

"Nimewasikia. Mashine zimebaki mpya, kaka. Aliyechakaa ni mwanangu."

Mwalimu mkuu akamtazama dada yake, akamtazama mpwa wake, kisha akageuka kuangalia mlango wa ofisi. Akamwomba dada yake apunguze sauti, wageni bado wako ndani.