Nafasi ya Gari Moja Musinzira

Nyumba tuliyopanga Musinzira, mjini Gitega, ilikuwa na uwanja mmoja na geti moja pamoja na nyumba ya jirani. Ndani ya geti palikuwa na sehemu tambarare yenye paa la mabati, inayotosha gari moja tu. Kwingine kote kulikuwa na mteremko, ngazi za saruji na karo la kufulia. Jirani yetu alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, mfanyabiashara wa mawese na ndagala, yaani dagaa, mwenye kigari cha mizigo. Mimi, mwalimu, nilikuwa na gari dogo kuukuu. Mwenye nyumba, anayeishi Bujumbura, alikuwa amemwahidi kila mmoja wetu sehemu ile kwa simu. Hilo tulilijua baadaye.

Mwanzoni haikuwa taabu. Aliyewahi kurudi jioni aliingiza gari, aliyechelewa aliliacha nje kando ya mtaro. Wake zetu walipelekeana sahani za sombe, yaani kisamvu, na ubwari, ugali wa muhogo. Mimi na mke wangu tulikulia Tanzania, wazazi wetu walikokimbilia, tukarudi Burundi tukiwa watu wazima. Kupata jirani wa kuongea naye Kiswahili kulitupa faraja ambayo hatukuwa tumeitegemea.

Kisha baba yangu akapooza upande wa kulia kule kwake Gashoho, Muyinga, alikokuwa akilima. Nilimleta Gitega ili apelekwe hospitali kufanyishwa mazoezi ya mguu. Sasa ilibidi gari langu lifike mlangoni. Nilimweleza jirani, akakubali bila maneno mengi, akaanza kulaza kigari chake nje.

Kilichotuharibia ni ukosefu wa mafuta. Siku moja aliporudi kutoka sokoni nafasi ilikuwa wazi, akaingia na tone la mwisho lililokuwa kwenye tangi, na kigari kikabaki hapo. Wiki zikapita. Kwenye vituo vya mafuta magari yalipanga foleni hadi madereva wakawa wanalala ndani yake. Mimi nilibakiza kidogo, nikawa natumia kwa safari za hospitali tu, na kila tuliporudi nilimbeba baba mgongoni kutoka getini. Baba alikuwa mtu mrefu. Miguu yake iliburuzika kwenye ngazi.

Mvua ilipoanza, tuliteleza. Nilianguka kwa magoti, yeye akaangukia ubavu. Nilipotaka kumwinua aliniomba nimwache kwanza akae pale pale kwenye tope. Alikaa huku maji yakimtiririka shingoni, akitazama kigari cha jirani kilichosimama pakavu chini ya mabati.

Jioni ile nilimwendea jirani nikamwomba tukisukume kigari chake nje.

“Nikiiweka inje wataniiba betri na mataili,” alisema. “Na iyo ndiyo inalisha watoto wangu. Mi nilifika hapa wa kwanza, mwalimu. Mwenye nyumba alinipatia iyi nafasi.”

Nikamwambia hata mimi nilipewa.

“Basi umuulize yeye.”

Nilimpigia mwenye nyumba. Alisema sisi ni watu wazima, tuelewane. Baada ya hapo hakupokea tena simu zangu.

Tulimwita mkuu wa mtaa. Alikuja na watu wakajaa getini, maana ugomvi wa watu wengine hauwachoshi watu. Jirani alijieleza kwa Kirundi cha kuokota. Changu, ingawa ni lugha ya baba yangu, hakikuwa bora sana. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kirundi kwamba wageni wawili wanagombania udongo wetu, na wenzake wakacheka. Nilimtazama jirani, naye akanitazama. Nadhani neno lile lilituchoma sawasawa, lakini halikutupatanisha. Mkuu wa mtaa aliamua tupokezane, wiki yako, wiki yangu, akaenda zake. Jirani alisema hatasukuma gari lisilo na mafuta kila wiki kama mtoto anayechezea tairi. Hakuna aliyerudi kumlazimisha. Wake zetu wakaacha kusalimiana bombani.

Baba alisikia yote, kwa sababu kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Aliporudi kutoka Tanzania alikuwa amekuta shamba lake la Gashoho likilimwa na mtu mwingine, mtu aliyezaliwa hapo na asiyejua kwao kwingine. Waligombana miaka mingi, mpaka wazee wa kilima, kama kijiji kinavyoitwa kule, wakaligawa katikati. Tangu siku hiyo baba na mtu yule walilima upande kwa upande bila kupeana hata salamu.

Asubuhi moja aliniambia nimrudishe nyumbani. Nilimkumbusha mguu, nikamwambia daktari ameona nafuu.

“Nimegombania udongo maisha yangu yote,” alisema. “Wewe usigombane kwa sababu yangu. Nirudishe.”

Nilipata kidumu cha petroli kwa mwalimu mwenzangu. Siku ya kuondoka jirani alitoka nje, akaona godoro la baba limeviringishwa mlangoni. Kisha akafungua kigari chake, akaachia breki, akaita wapita njia wawili, wakakisukuma hadi kando ya mtaro. Nilileta gari langu mlangoni. Yeye alishika miguu ya baba, mimi mabega.

“Muzee, utusamehe,” alisema.

Baba alimshukuru kwa kumbeba. Kisha akaniambia nifunge mlango wa gari.

Tulipita njia ya Karuzi. Gashoho nilimwacha kwa dada yangu, nikamwonyesha dada namna ya kuukunja na kuunyoosha ule mguu, lakini alikuwa na shamba na watoto, na mafuta ya kunirudisha kule mara kwa mara sikuyapata. Mguu ulikauka. Kiangazi kilipofika dada alipiga simu. Nilisafiri kwa basi, nikakuta baba wameshamvika suti ya kuzikwa. Yule mtu wa nusu ya pili ya shamba alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi.

Niliporudi Musinzira nilikuta matofali yamerundikwa ndani ya geti. Mwenye nyumba alikuwa anajenga vyumba viwili vya kupangisha juu ya nafasi ile, wala hakutupigia simu kutuarifu.

Jirani alikuja kunipa pole. Mke wangu alimletea chai. Aliniambia kigari amekiuza, na kwamba familia yake inahamia Bujumbura. Niliuliza habari za watoto, akasema wazima. Nilitaka kumwambia baba hakumchukia, lakini sikuwa na hakika kama ni kweli. Tulikaa tukisikiliza mafundi wakichimba msingi. Alipomaliza chai alisimama, akanipa mkono, akatoka.