Mkweli Aliyetafutwa kwa Kandili Kisauni

Mwalimu Mwanatabu alizaliwa Jomvu Kuu. Baba yake alisoma Kiarabu, na alipenda kuwasimulia wanawe habari za wenye hekima wa Uyunani wa kale. Kwa hiyo alipopelekwa kufundisha darasa la tatu Kisauni, mwaka wa 1960, akakuta vitabu vimejaa theluji na wafalme wa Ulaya, aliamua kuwaandikia watoto hadithi alizolelewa nazo.

Ya kwanza ilikuwa ya Myunani mmoja mkorofi aliyelala ndani ya mtungi mkubwa wa udongo. Mchana alizunguka sokoni na taa inayowaka, akimmulika kila mtu usoni, akitafuta mkweli. Kazi haikuwa nyepesi. Neno "falsafa" alilifuta, maana watoto wangedhani ni ugonjwa. Zeituni akazigeuza korosho. Mwishoni, yule bwana hakumpata mkweli hata mmoja, akarudi kulala mtungini.

Aliwasomea Ijumaa. Watoto wakaondoka kimya, naye akaamini hawakuipenda.

Jumatatu mwalimu mkuu, Bwana Mutua, alimwita ofisini. Alimkuta pia Thoya, muuza maziwa wa sokoni.

"Wanafunzi wako walishinda sokoni juzi wakiwamulika watu kwa kandili, jua la utosini," alisema Bwana Mutua.

Mwanatabu aliona haya. "Niwie radhi, kaka Thoya. Walikuvunjia heshima?"

"Hata kidogo, waliniamkia kwanza. Kisha Kadzo, binti wa Nguma, akanisogezea kandili puani, akauliza kama mimi ni mkweli. Wateja wamenizunguka. Nikasema la, mimi ni mwongo, maziwa nayatia maji."

"Wateja wakakukimbia?" aliuliza Bwana Mutua.

"Walicheka, wakanunua. Walikuwa wakijua siku zote. Kilichonileta ni kingine. Watoto walianza kubishana. Wengine wakasema nimekiri, basi ni mkweli. Kadzo akasema kama mimi ni mwongo, hata neno hilo nimedanganya. Tangu hapo sina raha, Mwalimu. Mimi ni yupi?"

Mwanatabu alicheka mpaka akashika meza. "Wayunani nao walibishana hivyo hivyo, kaka, na hawakumaliza. Njoo darasani."

Thoya akakaa dawati la nyuma, magoti yakimfika kidevuni. Ubishi uliendelea hadi kengele ikalia, na hakuna aliyeshinda.

Alasiri ile Mwanatabu aliufuta ule mwisho wa huzuni. Sasa Myunani alikutana na muuza maziwa aliyesema, "Mimi ni mwongo," akaketi chini akijikuna kichwa, na watoto wa sokoni wakaketi naye kumsaidia kufikiri.

Kitabu cha hadithi hiyo kilichapishwa mwaka wa uhuru, chembamba, chenye picha. Thoya hakujua kusoma, lakini nakala yake aliiweka kando ya debe la maziwa na kumwonyesha kila mteja ukurasa wake. Mwanatabu akipita pale baada ya shule, mara nyingi aliwakuta watu wazima wamesimama wanabishana, vikombe vitupu mkononi.