Siku Sita za Jirani

Juzi nilipita mtaa wa Kiuu nikatafuta ploti nilikokulia. Haipo. Pamejengwa ghorofa lenye milango ya chuma, kila mtu na kufuli lake. Nikasimama pale kama mjinga, na unajua mimi si mtu wa kulia barabarani.

Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mabati vya kupanga, bomba moja katikati, harufu ya dagaa wa omena na sabuni ya kipande. Mtu akipatwa na jambo, mlango wake haukufungwa mchana. Uliingia, ukakaa, ukashika kazi yoyote uliyoikuta. Pole ilikuwa si lazima. Kukaa ndiko kulikokuwa lazima.

Nilikuwa na miaka tisa mama aliporudi kutoka hospitali bila mtoto. Tulikuwa tumeshafua nepi zake zote. Mama aliingia chumba cha ndani, akakaa kitandani, akaacha kula na kuongea. Baba, aliyefanya kazi kiwandani Thika, akaanza kuomba shifti za ziada.

Jirani yetu, mama mmoja wa magharibi aliyeuza omena Githurai, akawa anakuja kila saa kumi akitoka sokoni. Siku ya kwanza mama alimgeuzia mgongo. "Sijakuja kuongea, dada," jirani akasema. "Nimekuja tu kukaa." Akamwaga ndengu kwenye sinia, akaanza kutoa mawe. Siku ya nne akalisukuma sinia katikati yao. Siku ya tano mama akatoa jiwe moja. Siku ya sita akaonja mchuzi akasema, "Hauna chumvi." Nilitoka nje nikarukaruka peke yangu. Mama alikuwa anarudi.

Ndipo cucu, mama yake baba, akafika kutoka mashambani. Akalitazama lile sinia, akautazama mlango ulio wazi. "Akibembelezwa hivi hataamka," akasema. "Na mambo ya nyumba yetu si ya ploti." Kesho yake akaniweka langoni. "Huyo wa omena akikuja, mwambie mama amelala. Na mama yako usimwambie kitu."

Nikasema nilivyoambiwa. Jirani alinitazama, akanipa flaski ya uji, akaenda zake. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hakuja, na nani angekuja? Ndani, mama alikuwa macho, nywele amechana mwenyewe.

"Jirani bado?"

"Bado," nikamjibu.

Mlango ukafungwa. Mama aliinuka, ndiyo, akapika na kufua, na cucu akajisifu mpaka kanisani. Lakini yule mama yangu wa zamani, aliyecheka na watu pale bombani, sikumwona tena. Jirani alihama mwaka huohuo. Mama akawa mtu wa kusema, "Watu huchoka na wewe haraka," na mlango wetu haukufunguliwa kwa mtu mwingine yeyote.

Siku hizi mtu akifiwa tunamtumia maua kwenye simu. Sihubiri, hata mimi hutuma. Kilichonipotea ni kidogo tu: alasiri mbili tatu zaidi za mwanamke na sinia lake. Nina hasira na cucu hadi leo, na kumchukia ni rahisi kwa sababu alishakufa.

Mama alifia kwangu Gitothua mwaka jana. Wiki yake ya mwisho aliniuliza ghafla kama namkumbuka yule jirani wa omena. "Sijui nilimkosea nini," akasema.

Nilikuwa nimemshika mkono. Mtu mzima, mwenye watoto wangu, hakuna aliyenikataza kusema. Nikamwambia hata mimi sijui.